Jiko Lisilokuwemo Pichani

Kiponda, Unguja
14 Oktoba 1973

Mdogo wangu Nizar,

Waraka huu nataraji utakukuta umeshavaa sweta, maana wanasema huko mwezi huu watu huanza kujifunika. Sisi huku tu wazima wa mwili. Vuli bado haijanyesha, joto limetangulia, na jana foleni ya mchele ilifika mpaka ngazi za msikiti. Mchele nilipata, sukari nilikuta imekwisha. Mama Zawadi wa chini anakusalimu. Mguu wake haujapona lakini mdomo mzima. Kaniz hajambo? Na mtoto? Baba kikohozi kimemwacha? Msalimie hata kama hajibu. Najua bado hajanisamehe kwamba mwaka ule mlipoondoka nyote sikupanda ndege pamoja nanyi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako. Unaikumbuka picha ya shemeji yako Badrudin, ile ya hekalu la Mabudha iliyokuwa juu ya kochi? Yule Mjapani muuza vitambaa alimpa mwaka tuliooana. Wewe ulikuwa huipendi, ukisema mvua yake inakutia baridi. Masika yaliyopita dari lilivuja na mimi sikujua maji yanapita nyuma ya fremu. Nilipoishusha nilikuta ukungu mweusi umekamata paa la hekalu, na wadudu wametafuna ngazi za mawe nusu nzima. Fremu yenyewe imeoza, nimeitupa.

Nimeiviringisha ndani ya kanga mbili nikampa Kokila, binti wa sonara jirani yetu, anayekuja huko kuolewa. Atakutafuta. London hakukosekani fundi, nitafutie wa karatasi. Badrudin akirudi asiikute katika hali hii. Tangu siku ile walipomwita mlangoni, mwaka wa mapinduzi, akavaa viatu akaniambia "narudi sasa hivi," sijahamisha kitu chake hata kimoja. Sitaki picha iwe cha kwanza kuharibika mikononi mwangu.

Nimechoka leo, mwandiko utausamehe.

Dada yako,
Dolat

*

Hounslow, London
2 Desemba 1973

Dada Dolat,

Nakuamkia kwa heshima zote. Sote tunaendelea, kwa namna watu wanavyoendelea hapa. Mimi bado nasafisha ndege uwanjani Heathrow, Kaniz anapanga vyakula vya abiria katika trei, na shifti zetu zimekataana, basi mke na mume tunaonana mlangoni, mmoja anavua koti mwingine analivaa. Mtoto tunamwita kwa Kiswahili anaitikia kwa Kiingereza. Baba anakaa karibu na hita ya mafuta ya taa na koti lake mwilini. Mafuta yenyewe siku hizi adimu, na serikali inatuhimiza tuzime taa. Kikohozi bado anacho. Nilimsomea salamu zako. Akaniuliza kama nimefunga mlango wa nyuma.

Kokila alinikabidhi picha yako salama. Sikujua pa kuanzia. Kazini nina mwenzangu, Wambui, Mkenya, ambaye zamani alifanya usafi kwa mama mmoja wa Kiingereza anayetengeneza karatasi za kale, ana karakana nyuma ya duka la vitabu. Akanipeleka. Yule mama aliitazama picha mbele na nyuma, kisha akaichukua akailaza ndani ya beseni la maji. Niliruka, Dada! Nikamwambia, "Mama, hiyo ni karatasi." Akacheka. "Karatasi hii imetengenezwa kwa magome ya mti," akasema, "imezaliwa majini, haiyaogopi." Akanieleza kwamba picha kama hizi hazichorwi kwa brashi. Mchongaji huchonga mbao, kila rangi na ubao wake, ukapakwa rangi, karatasi ikalazwa juu yake ikasuguliwa. Mvua unayoiona ni ubao mmoja peke yake.

Kazi itachukua miezi. Anasema ukungu hauharakishwi.

Dada, wewe mwenyewe hali yako vipi hasa? Umeniandikia habari za dari, za Mama Zawadi na za mchele, lakini zako hazimo.

Ndugu yako,
Nizar

*

Kiponda
9 Januari 1974

Nizar,

Barua yako imefika, kwanza ikafunguliwa na mwenginewe kisha ikagundishwa kwa gundi mbaya. Basi mtu huyo naye namsalimu. Sote tu salama. Dari limezibwa. Bwana Vuai, yule mtoa dawa wa hospitali aliyefiwa na mkewe, alipanda juu na mabati yake mwenyewe, na aliposhuka alikataa hata chai. Mama Zawadi alimpongeza mpaka akaona haya.

Umeniuliza hali yangu. Nafundisha skuli, narudi, napika, nalala. Mwaka huu natimiza miaka arubaini. Siku nyengine naona nimechoka kama mtu aliyebeba mzigo mchana kutwa, na mikononi sina kitu.

Nina swali, usilifanye kubwa. Wanasema Southall na huko kwenu wako watu wengi waliotoka huku. Umewahi kukutana na yeyote aliyekuwa ndani miaka ile? Huku nimebisha milango yote. Ofisi moja hunambia nirudi wiki ijayo, nyengine hunambia jina hilo hawalijui, na mara ya mwisho karani alinitazama kwa huruma, na huruma yake ikanitisha kuliko ukali wa wenzake. Nauliza tu.

Yule mama wa karatasi mwambie asijichoshe. Picha imeshangoja, itangoja tena.

Dolat

*

Hounslow
24 Februari 1974

Dada mpenzi,

Tupo, na baridi ipo. Baba alilazwa siku chache kwa ajili ya kifua, sasa yuko nyumbani na amerudia kulalamikia chai yangu. Kaniz anakusalimu, anasema ukipata nafasi mtumie iliki.

Picha imekwisha! Yule mama alichelewa kwa sababu karakana yake inaruhusiwa umeme siku tatu tu kwa wiki, kama kila mahali. Jana nilikwenda kuichukua. Dada, mimi sikuwahi kuiona picha hii. Nilikua chini yake na sikuiona. Paa la hekalu ni la buluu nzito, karibu na nyeusi, na nyuma yake mlima umefifia. Mti wa msonobari umeinama juu ya lango. Mvua imekwenda upande, nyembamba kama nywele. Na katikati ya ngazi kuna mtu mwenye mwavuli anapanda, ametupa mgongo. Pale wadudu walipotafuna ametia karatasi nyengine kwa ndani, ukiambiwa ndipo utaona.

Inahitaji fremu. Wambui amesikia habari za Singasinga mmoja huko Southall, seremala, anaitwa Mohinder. Naye aliwahi kufanya kazi Unguja, idara ya ujenzi. Jumapili ijayo nitampelekea, kisha tutatafuta mtu wa kukuletea.

Kuhusu swali lako, sijakutana na mtu wa namna hiyo. Hata kama wapo hawajitangazi.

Pumzika, Dada. Nakuomba.

Nizar

*

Hounslow
7 Aprili 1974

Dada,

Salamu nyingi. Sote wazima. Samahani kwa kukaa kimya, kazi zimezidi. Hali ya hewa imeanza kubadilika, miti inatoa maua meupe, lakini asubuhi bado kuna barafu kwenye vioo vya magari na juzi ilinyesha mvua ya mawe.

Fremu bado haijawa tayari. Fundi ana mambo mengi. Usiwe na wasiwasi, picha iko salama.

Baba anaendelea vivyo hivyo.

Nizar

*

Kiponda
2 Mei 1974

Nizar,

Salamu za huku zipokee kwa jumla, leo sina subira ya kuzigawa mtu mmoja mmoja.

Barua yako ya Aprili nilimsomea Mama Zawadi kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ndugu yako ameajiriwa na hali ya hewa?" Nilicheka, kisha sikucheka. Nizar, Mama alipokufa ulikuwa mdogo, nimekulea mimi. Siku ulipovunja birika lake ulikuja jikoni ukaniambia mvua inanyesha. Nakujua. Kuna jambo, na hutaki kulisema. Usinisingizie posta, wala usinambie fundi ana mambo mengi. Fremu ni vijiti vinne.

Pengine unanyamaza kwa kudhani nikinyamaziwa nitapumzika. Basi na mimi nikwambie nililokuficha, ili tuwe sawa.

Bwana Vuai amenitaka. Si siri ya aibu, alimtuma dada yake kwa adabu, mwezi wa Disemba. Ana watoto watatu na ni mtu wa maneno machache. Sikusema ndiyo wala sikusema hapana, nilisema sijui mimi ni mke au mjane. Nilikwenda kwa shekhe wetu. Akaniambia, "Mlete mtu anayejua kwa yakini kwamba mumeo amekufa, uanze eda. Au uombe kufarakishwa naye." Kuomba nifarakishwe na Badrudin, kama kwamba alinitupa, hilo sitalifanya mpaka niingie kaburini. Hakunitupa. Alivaa viatu akasema anarudi.

Vuai amepewa uhamisho wa kwenda Wete, Pemba, mwisho wa Juni. Hanisukumi. Ila dada yake juzi aliniuliza, "Tungoje, Dolat, au tusingoje?"

Najua Baba akisikia habari za Vuai atasema mengi. Usimwambie. Mimi ninachokutaka wewe ni kimoja: kama unajua kitu, nambie. Kikiwa kizito nitakibeba. Nimeshazoea kubeba.

Dolat

*

Hounslow
23 Juni 1974

Dada yangu Dolat,

Leo sikuulizi hali na sikupi yetu. Kaa kitako kwanza, umwite Mama Zawadi akae karibu nawe.

Badrudin amefariki. Alifia gerezani masika ya mwaka 1966. Habari hii nimeijua tangu Jumapili ya kwanza ya Machi, na barua yako ya Mei imekaa ndani ya koti langu mwezi mzima. Kila nilipochukua kalamu nilikuona unatandika kitanda upande wake. Nikajiambia barua zinafunguliwa. Nikajiambia Baba mgonjwa, ngoja apate nafuu. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote nilijifichia ndani yake.

Sasa nikusimulie kama ilivyokuwa.

Nilimpelekea Mohinder picha ikiwa imefungwa. Ni mtu mzima, ndevu zote nyeupe, karakana yake iko nyuma ya nyumba na inanukia vumbi la mbao. Tukaamkiana kwa Kiswahili, akafurahi. Akaniuliza, "Picha ya nini?"

"Ya hekalu la Kijapani," nikamwambia. "Ya dada yangu, imetoka Unguja."

Akaiweka randa chini. "Usifungue kwanza," akasema. "Mvua imekwenda upande?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu wa mwavuli, ametupa mgongo? Na mti umeinama juu ya lango?"

Nikaitikia. Akafunga mlango, akafungua picha mwenyewe taratibu, akainamia. Akatafuta kwa kidole, pembe hii na pembe ile, bila ya kuigusa karatasi. Kisha akaniuliza kwa sauti kama ya mtu aliyedhulumiwa, "Jiko liko wapi?"

"Jiko gani?"

"Nyuma ya hekalu. Kuna jiko."

Nikamwambia hakuna jiko, ni picha hii hii tu. Akakaa juu ya sanduku la misumari, akanisogezea jengine, kisha akanisimulia.

Dada, gerezani walikuwa wanne katika chumba kimoja, Badrudin na Mohinder miongoni mwao. Mohinder anasema pale mwanzo hakuna aliyesema na mwenziwe, kila mmoja alimwogopa mwengine. Badrudin ndiye aliyeanza. Kila jioni aliwaambia, "Haya, tupande." Akawapandisha kwa maneno ngazi zile za pichani, moja moja. Aliwaonyesha mawe yanayoteleza na mahali pa kushikilia. Aliyechoka aliruhusiwa kukaa katikati ya ngazi na hakuna aliyemcheka. Wakifika langoni walikung'uta maji. Na nyuma ya hekalu, akawaambia, kuna jiko, moto unawaka, na watawa wamepika wali wa nazi. Mohinder alimuuliza, "Wajapani wanaijua nazi?" Badrudin akamjibu, "Hawa wanaijua." Kwa namna hiyo walikula kila siku, miaka miwili.

Kisha ikaja homa na tumbo. Badrudin aliugua siku chache. Mohinder alikishika kichwa chake. Asubuhi wakaja wakamtoa, na Mohinder hakuona alipozikwa, wala hakuambiwa.

Ningependa kukuandikia kwamba alikutaja, Dada. Nilimuuliza Mohinder, nikamuuliza tena. Alinambia Badrudin alikuwa na kiu, akiomba maji, na hakusema jengine. Sikuongezi kitu ambacho sikuambiwa.

Nilimuuliza pia kwa nini hakukutafuta wewe alipotoka. Akasema, "Siku ya kunitoa waliniambia nisiseme. Nikatii. Nimetii mpaka hapa Southall." Hakunitazama aliposema.

Juzi tulikwenda naye kwa shekhe wa msikiti wetu hapa, akatoa ushahidi wake mbele ya watu wawili. Karatasi yao nimeitia humu, umpelekee shekhe wa huko. Fremu aliimaliza zamani. Mimi ndiye niliyekuwa sijaimaliza barua.

Unisamehe ukiweza. Kama huwezi, niandikie hivyo hivyo.

Nizar

*

Kiponda
3 Disemba 1974

Mdogo wangu Nizar,

Natumai nyote mmeamka salama, na baridi haijawaelemea. Mtoto mpe busu langu, akijibu kwa Kiingereza si kitu, busu halina lugha. Kwa Baba nitakuja mwisho.

Barua zako zote mbili, ya Juni na iliyoifuata, nimezipata. Ulifanya vyema kumwachia Mohinder picha. Nilipokuwa nayo mimi nilikuwa nikiifuta vumbi tu. Yeye ameishi humo. Umeandika ameitundika pale karakanani, kwenye ukuta usiopata jua. Ni pazuri.

Sijakuandikia mapema kwa sababu nilikuwa ndani ya eda, na kila nilipotaka kuandika niliona maneno yananitangulia kwa hasira. Nimengoja yapoe. Sasa yamepoa.

Ile ya Juni ilifika katikati ya Julai. Siku hiyo nilisoma, nikaikunja, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mama Zawadi ndiye aliyelia. Jioni nikatoa bangili, nikavaa nyeupe. Kwetu, kama unavyojua, eda huhesabiwa tangu siku khabari ilipomfikia mke, haiangaliwi siku mume aliyokufa. Basi Badrudin kwangu mimi amekufa Julai. Wanawake walikuja kunipa pole. Mmoja aliuliza mlangoni, "Kafa nani?" Alipoambiwa akasema, "Si zamani hiyo?" Akakaa kidogo akaenda zake. Sikumlaumu. Nilikuwa ninafanya matanga ya mtu ambaye mji mzima ulishamsahau.

Nguo zake nimepeleka msikitini. Kitanda nimekisogeza dirishani.

Bwana Vuai aliondoka mwisho wa Juni, kama nilivyokwambia. Alikuja kuaga, akasimama pale chini ngazini. Nikamwambia bado sijui. Akasema, "Bibi Dolat, mtu mwenye watoto watatu hawezi kuoa 'bado sijui'." Hakusema kwa ukali. Aliangalia mabati aliyozibia dari, akauliza kama yanavuja, nikamwambia hayavuji. Akaenda zake. Septemba ameoa huko Wete. Wanasema ni mwanamke mpole, na watoto wamempenda.

Nimelihesabu hili peke yangu mara nyingi, basi nawe ulijue mara moja tu, kisha tuliache. Ungeniandikia Machi, ningemjibu dada yake Vuai Aprili kwamba wangoje. Wangengoja. Sikwambii haya ili yakuume. Nakwambia kwa sababu kama nikikuficha tutarudi pale pale.

Na kuna jambo jengine ambalo wewe hukulijua, na Mohinder hakulijua. Badrudin alikuwa hali wali wa nazi. Tangu utoto tumbo lilimkataa. Mimi ndiye niliyekuwa naupenda, nikiupika yeye anachukua mkate, anakaa ananitazama nikila. Nimesoma ulipoandika habari za lile jiko nikainuka, nikatembea chumba kizima. Basi usinambie tena kwamba hakunitaja.

Sasa Baba. Kokila amemwandikia mamake kwamba alimwona, kwamba amekonda mno, hashuki tena chini. Wewe kwenye barua ya mwisho umesema "anaendelea vivyo hivyo." Nizar, natambua kwamba hatanisalimu. Nimeshakubali. Simtaki anisalimu. Lakini siku Baba atakapofariki usiningojee nipate nguvu. Sina nguvu nyengine zinazokuja, hizi ndizo. Niandikie siku ile ile, hata kama mwandiko hausomeki, hata kama neno ni moja. Nipe na mimi nilie siku mnayolia nyinyi.

Dada yako,
Dolat

*

Hounslow
Jumamosi, 8 Februari 1975

Dada,

Baba amefariki leo asubuhi, baada ya alfajiri. Telegramu nimeshapeleka, lakini ulitaka barua.

Nimekaa kwenye ngazi za ndani, naandikia juu ya goti kwa sababu chumbani kuna watu. Bado hajaoshwa, wanangoja maji yapate moto. Kaniz anasoma Yasini kichwani pake. Mtoto amekaa hapa pembeni yangu, ameniuliza naandika nini, nikamwambia namwandikia shangazi yake.

Nakwambia yote. Jana hakula. Leo aliamka akataka chai, nikashuka kuitia. Nilipopanda alikuwa amegeukia ukutani na pumzi ni za mbali. Nikamkalisha. Nikamwambia, "Baba, Dolat anakusalimu." Alifungua macho. Hakujibu, Dada. Wala hakuniuliza habari za mlango. Alinitazama tu, kisha akawa hanitazami.

Bado sijalia. Mwandiko umepinda, unaona mwenyewe.

Tutamzika leo alasiri kama karatasi za daktari zitawahi, la sivyo Jumatatu. Mohinder amekuja na gari lake, yuko mlangoni na koti, anangoja nimpe hii akaitie posta, maana Jumamosi wanafunga adhuhuri. Basi naikata hapa.

Nizar